Tezi dume: Mzee anapoacha kwenda msikitini

Hebu tumfikirie mzee mmoja wa Kintinku, wilayani Manyoni, mwenye umri wa miaka 68. Tangu ujana wake ni mtu wa safu ya mbele, na adhana ya alfajiri humkuta ameshatia udhu. Miezi ya karibuni haonekani msikitini. Akiulizwa, hujibu kuwa magoti yanamsumbua. Ukweli anaujua mkewe peke yake: mzee huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, na kila anaporukuu huhisi tone la mkojo limemtoka. Ameona ni heri aswali nyumbani kuliko kuingia na najisi katika nyumba ya Allah.

Mzee huyu ni wa mfano tu, lakini wenye hali kama yake ni wengi, na aghalabu kinachowasumbua ni tezi dume. Haya imewaziba midomo, na ukimya huo unawagharimu afya, jamaa na utulivu wa ibada.

Tezi dume ni nini?

Ni kiungo alichoumbiwa mwanamume peke yake. Kipo chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya utumbo wa haja kubwa, na kwa kijana ukubwa wake haupiti wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayozilisha na kuzibeba mbegu za uzazi. Njia ya mkojo inapita katikati ya tezi hii. Kwa hiyo tezi ikikua kupita kiasi, huibana njia hiyo kama mtu anavyobana mpira wa kumwagilia bustani.

Wengi huichanganya na busha au ngiri. Busha ni maji yanayojaa katika mfuko wa korodani, na ngiri ni utumbo unaojitokeza penye udhaifu wa ukuta wa tumbo. Hayo kwa kawaida huonekana au huguswa kwa nje. Tezi dume imejificha ndani ya nyonga. Mwenyewe hawezi kuiona wala kuigusa, ila huitambua kwa dalili zake.

Maradhi yake makuu ni matatu

La kwanza ni uambukizo, ambao huwapata hata vijana. Dalili zake ni homa, maumivu ya kinena na chini ya kiuno, na mkojo unaochoma. Ukisababishwa na bakteria hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, na mgonjwa hana budi kumaliza dozi hata akipata nafuu mapema.

La pili ni kutanuka kwa tezi kunakoletwa na umri. Hii si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wanayo, na kwa waliovuka miaka 80 ni zaidi ya wanane katika kila kumi, ingawa si wote wanaosumbuliwa. Dalili zake ni kukojoa mara kwa mara, hasa usiku. Mkojo kuchelewa kuanza. Mkondo dhaifu unaokatika. Matone baada ya kumaliza. Na kuhisi kibofu hakijaisha. Ikipuuzwa, mkojo waweza kuziba ghafla, na hiyo ni dharura ya kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo. Wengine hujikuta figo zimeharibika kwa mkojo unaorudi nyuma.

La tatu ni saratani ya tezi dume. Takwimu za kimataifa za mwaka 2022 zinaonesha takriban wagonjwa wapya milioni 1.5 duniani na vifo karibu 400,000. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Hatari yake ni kwamba mwanzoni huwa kimya. Damu katika mkojo au maumivu ya mgongo na mifupa mara nyingi hujitokeza ikiwa imeshasambaa.

Hata hivyo, si kila anayeamka usiku ana tezi dume. Kisukari hufanya hivyo, na kichocho huleta damu katika mkojo. Ndiyo maana mtu asijipimie mwenyewe barazani.

Haya ya kupimwa

Kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kiwango chake kikipanda si lazima iwe saratani, kwani uambukizo na kutanuka kwa tezi pia hukipandisha. Uhakika hupatikana kwa kuchukua vinyama vya tezi na kuvichunguza maabara. Kipimo kingine ni cha daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hiki ndicho kilichofanywa mzaha wa vijiweni hata watu wazima wakaogopa hospitali. Wanazuoni wameeleza kuwa kufunua uchi mbele ya tabibu kunaruhusiwa penye haja, kwa kiasi cha haja hiyo. Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi tu.

Mfano mwema tunao. Novemba 2014, Rais wa wakati huo, Jakaya Mrisho Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Ikulu ililitangaza jambo hilo bila kificho, na aliporejea nchini aliwahimiza wanaume wapime. Ikiwa mkuu wa nchi hakuona aibu, nasi tunaficha nini?

Baba anaponyamaza huwanyima pia wanawe jambo kubwa. Mwenye baba au ndugu aliyepata saratani hii, hatari yake huwa kama maradufu. Huyo azungumze na daktari kuhusu vipimo tangu miaka 40 hadi 45, na wengine wafikapo miaka 50.

Tiba ipo

Kutanuka kwa tezi hutibiwa kwa vidonge vinavyolegeza njia ya mkojo au kupunguza ukubwa wa tezi, na vikishindikana hufanywa upasuaji, mara nyingi kwa kupitishia chombo katika njia ya mkojo. Saratani iliyogunduliwa mapema hutibiwa kwa upasuaji au mionzi. Iliyosambaa huzuiwa kwa kupunguza homoni ya kiume.

Kwa mkazi wa Kintinku, safari ianzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya Manyoni. Akihitaji bingwa, barabara na reli zinamfikisha Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mgonjwa asijinyime maji mchana kutwa kwa kuogopa kukojoa. Apunguze vinywaji saa mbili kabla ya kulala, hasa chai na kahawa. Baadhi ya dawa za mafua huweza kuziba mkojo, basi amweleze mwuza dawa hali yake. Wala asikae na dawa za miti miezi na miezi bila kujua anaugua nini.

Ibada ya mwenye udhuru

Sasa tumrudie mzee wetu. Sheria haikumfungia mlango. Mtu asiyeweza kuzuia mkojo ana hukumu ya mwenye udhuru. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, wakati wa swala ukiingia atajisafisha, atajifunga kitambaa au pedi, atatia udhu, kisha ataswali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo hakibatilishi swala yake. Atafanya hivyo kwa kila swala ya faradhi. Maadamu hauchafui msikiti, hakuna sababu ya kuukimbia. Na mwenye kuvaa mpira wa mkojo amwulize shekhe wake namna inayomfaa.

Enyi mama na watoto, mkisikia baba anaamka kila saa, msimcheke wala msinyamaze. Mwambieni kwa upole, kisha mmoja wenu afuatane naye hospitali. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijitibu na akawaelekeza Masahaba wake kutafuta tiba. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa ili imzuie mtu na matibabu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.