Kibuyu Kilichonyamaza

Julai iliyopita, zikiwa zimesalia siku sita kabla ya karamu ya mahari ya bintiye mdogo, baba mkwe wangu, ambaye tangu ujana wake hutengeneza muratina, pombe ya asali, katika miinuko ya Kenya ya kati, alitega sikio kwenye kibuyu alichokilaza kando ya mafiga, asisikie ule mnong'ono wa povu aliouzoea. Akaonja, akakuta utamu wa asali ni ule ule wa juzi.

Jirani alinasihi iongezwe asali. Mzee alikataa, na rai yake ilikuwa sahihi, kwani hamira ni kiumbe hai, kama alivyothibitisha Louis Pasteur huko Ufaransa katika karne ya 19, na utamu ukizidi kiasi huifyonza maji mwilini hata ikadhoofika. Ajabu ni kwamba hamira yaweza kuona njaa ndani ya asali tele, kwa kuwa asali, licha ya sukari yake nyingi, ina naitrojeni haba mno, na bila naitrojeni hamira haizaani. Baridi nayo huilaza, ingawa haiiui.

Basi alianza na lililo jepesi: akakisogeza kibuyu karibu zaidi na moto, akakifunika blanketi, akakitikisa taratibu, akangoja usiku mzima. Kimya.

Asubuhi alitwaa bakuli safi, akatia maji ya uvuguvugu yanayovumilika kwa kidole, kijiko cha asali, zabibu kavu chache zilizopondwa ziwe lishe, kisha kipande cha tunda la mwegea, ambalo kwa Kikuyu ndilo muratina lenyewe. Tunda hilo huwa limepasuliwa, likachemshwa na kuanikwa juani, na kila pombe inapokwisha hukaushwa tena likawekwa akiba, hamira ikiwa imelala ndani ya nyuzi zake hadi siku ya haja. Hiyo kwangu ni elimu kamili, na nasikitika kila nionapo matunda hayo yakitupwa kama takataka.

Bakuli lilipofanya povu hakulimimina kibuyuni, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi, maana hamira changa ikitoswa ghafla katika kileo na baridi huzimia kabla haijafanya lolote. Alitia bakulini kikombe kimoja cha ile pombe iliyolala, akasubiri povu lirudi. Akatia viwili, akasubiri. Akahamia kwenye sufuria akatia vinne, kila mara akiongeza maradufu, hata hamira ikauzoea ukali wa makao yake mapya. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na muda wote alinusa kwa hadhari, kwani pombe iliyokwisha kuwa siki haina marejeo.

Kisha akaimimina yote kibuyuni, na usiku wa tatu aliniamsha, akanishika bega, akaniinamisha juu ya kibuyu. Ndani mlikuwa na sauti kama ya mvua nyembamba juu ya majani ya mgomba.