Mlima Mweupe Usio na Theluji

Kila ninapowafungulia wanafunzi wa jiolojia picha ya setilaiti ya Ol Doinyo Lengai, hakosekani wa kuuliza: “Mwalimu, kumbe na huku kuna theluji?” Swali hilo mimi hulisubiri kwa hamu. Kileleni ni peupe kweli. Lakini mlima huo, kusini mwa Ziwa Natron, haufiki mita 3,000, nao uko jirani na ikweta. Theluji itoke wapi?

Jibu tunaanza kulitafuta kwenye karatasi ya miraba, kompyuta zikiwa zimezimwa. Picha ya setilaiti ni jedwali la namba. Kwa setilaiti za Landsat, kila mraba wa ardhi wa mita 30 kwa 30 una namba ya mwanga uliorudi angani: ya bluu, ya kijani, ya nyekundu, na kadhaa za infraredi, ambayo jicho haliioni. Nawapa jedwali dogo la namba kati ya 40 na 90, walipake penseli kwa kipimo cha 0, nyeusi tititi, hadi 255, nyeupe pepepe. Inatoka picha iliyofubaa. Kisha tunazivuta namba: 40 inakuwa 0, 90 inakuwa 255, nyingine zinajipanga katikati. Mara mkondo wa mto unajitokeza, na hakuna kilichoongezwa. Wapo walimu wenzangu wanaoona huko ni kupoteza muda. Mimi sikubali. Aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake anajua programu inafanya nini anapobonyeza kitufe.

Ndipo tunawasha kompyuta. Theluji hurudisha mwanga mwingi tunaouona, ila infraredi ya mawimbi mafupi huinywa karibu yote. Tukiipa infraredi hiyo rangi nyekundu, infraredi ya karibu tukaipa kijani, na mwanga mwekundu tukaupa bluu, barafu ya Kibo kule Kilimanjaro hugeuka samawati. Weupe wa Lengai haugeuki namna ile. Wingu nalo lingeacha kivuli, na siku 16 baadaye, Landsat ileile ikipita tena, lisingekuwepo.

Basi ni nini? Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya kabonati yenye sodiamu na potasiamu kwa wingi. Joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu huanza kuwa nyeupe ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo mstari mweusi juu ya weupe ni lava mpya, na ukizipanga picha kwa tarehe unaiona kreta ikijaa miaka ya tisini, lava ikamwagika nje, kisha mlipuko wa 2007 na 2008 ukachimba shimo refu. Hazina ya picha za Landsat, iliyoanza 1972, ni bure tangu 2008. Furaha yangu kubwa ni kumwona kijana asiye na nauli ya kufika Natron akiisoma historia hiyo.

Nauli ikipatikana, twende. Tone la asidi nyepesi juu ya jiwe jeupe hutoa povu, na hapo kabonati imejithibitisha yenyewe. Tena, mraba mmoja wa picha unaweza kuchanganya lava, majivu na nyasi, ukabaki na namba moja tu. Ndiyo maana ramani ambayo hakuna hata sehemu yake moja iliyokaguliwa kwa miguu siipi alama zote, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani.