UGANDA: Pikipiki kuukuu yarudi barabarani

Katika mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal, na ya miwa kule Kakira na Lugazi, mtu anayekaa mbali na kazi ana njia tatu: atembee, ampe bodaboda sehemu ya mshahara wake kila siku, au achukue pikipiki mpya kwa mkopo. Njia hii ya tatu imewaliza wengi. Malipo ya mkopo hayajui ugonjwa wala majira ambayo majani ya chai ni haba, na ukikosa mara chache wanakuja kuichukua pikipiki, na fedha ulizokwisha kulipa zinakwenda nayo. Ndiyo maana wenzetu wengine hutafuta chuma kikuukuu kilicholala nyuma ya stoo na kukifufua polepole, mshahara kwa mshahara. Nasema wana akili.

Ninayoipendekeza mimi ni Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, ikiwa imekusudiwa nchi za barabara mbovu na mafundi wachache. Wajapani walijua kwamba oili haitabadilishwa kwa wakati, wakaipa injini yenye fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni ndefu ndani ya injini, na cheni ya nje wakaifunika yote kwa bati vumbi lisiingie. Tena, injini hiyo imeigwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo spea si shida. Lakini si kila spea ya kuiga inakaa sawasawa. Nenda dukani na kile kilichochakaa mkononi, ulinganishe kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tazama logibuku. Namba ya fremu na ya injini zisome mwenyewe kwenye chuma, zilingane na karatasi. Isiyo na karatasi iache hata kama unapewa bure. Fremu yenye ufa au iliyopinda iache pia. Injini iliyokwama isikutishe sana: fungua plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, lala. Asubuhi tia gia ya juu kabisa uisukume pikipiki taratibu mbele na nyuma, mara nyingi itaachia. Ikiwaka na kutoa moshi wa buluu usiokwisha, inakula oili. Huenda ni ringi, na huko ndiko fedha zitakakokwenda.

Vijana hupenda kuanza na rangi. Rangi iwe ya mwisho! Anza na breki na tairi, kisha cheche. CG za zamani zina pointi, yaani vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kuleta moto wa plagi. Visafishe kwa msasa laini, nafasi yake iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi ni 0.6 hadi 0.7. Valvu ni 0.08, injini ikiwa baridi kabisa. Kipimo cha majani ya chuma cha kupimia nafasi hizi hakina haja ya kununuliwa na kila mtu. Kimoja kinatosha tawi zima, pamoja na seti moja ya spana nzuri.

Sponji ya kichujio cha hewa ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, itie oili safi, ikamue. Vumbi la murramu likipita hapo, ringi mpya hazifiki mbali.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hawalijali. Breki za zamani nyingi zina asbesto. Ukifungua gurudumu usipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa ukitupe kikiwa bado kibichi, ndani ya mfuko uliofungwa. Vumbi hilo huleta saratani ya mapafu, nayo hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hakuna tajiri atakayekubali kulipa. Na cheni isafishwe injini ikiwa imezimwa. Vidole tumekwisha kuvipoteza vya kutosha kwenye mashine za viwandani.

Kubadili umbo si lazima, ila mambo mawili yanafaa. Kwa milima na mizigo, weka sproketi ya nyuma yenye meno mawili au matatu zaidi. Itavuta vizuri, mwendo utapungua kidogo. Hakikisha haisugui bati la cheni, na cheni yenyewe huenda ikataka kuongezwa pingili. La pili ni keria ya chuma iliyofungwa kwa bolti penye fremu, si juu ya madigadi. Ekzosi msiitoboe, kelele si nguvu. Na taa: CG za mwanzo ni volti 6. Muuza duka akikupa balbu ya volti 12 itawaka kama mshumaa, nawe utarudi nyumbani baada ya zamu ya usiku huoni shimo.