Nozo Sita za Skyline

Nissan ilipozindua Skyline GT-R aina ya R32 mwaka 1989, karatasi zilisema injini yake ina nguvu za farasi 280. Wajuzi walitabasamu. Watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu kupita kiwango hicho, kwa hiyo namba ile ilikuwa ya kutimiza adabu tu. Injini yenyewe, RB26DETT, yenye silinda sita kwa mstari, cc 2,568 na tabo mbili, ilisanifiwa na mashindano akilini. Kati ya 1990 na 1993 magari hayo yalishinda mbio zote 29 za ubingwa wa Japani wa Kundi A. Australia, ambako yalibandikwa jina la Godzilla, yalitwaa pia mbio za Bathurst za 1991 na 1992.

Zaidi ya miaka 30 imepita, na bloku ya chuma ya injini hiyo bado inavumilia vishindo. Kinachozeeka ni vitu vidogo: mpira, plastiki, waya, na zile nozo sita zinazopulizia petroli. Bei ya magari haya ilianza kupaa R32 za kwanza zilipotimiza miaka 25 mwaka 2014 na kuruhusiwa kuingia Marekani. Wanunuzi wapya wengi hukimbilia tabo kubwa na ekzosi ya kelele. Nozo hukumbukwa pistoni ikishatoboka.

Nozo ni valvu ya umeme. Ndani yake mna koili, springi na sindano ndogo iliyokalia tundu. Kompyuta ya gari ikipitisha umeme kwenye koili, sumaku huinua sindano kiasi cha takribani moja ya kumi ya milimita, na petroli yenye presha hutoka kama ukungu. Umeme ukikatwa, springi huirudisha mahali pake. Presha isipobadilika, silinda kupata mafuta mengi au machache hutegemea tu muda ambao tundu limeachwa wazi. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, duru nzima ya silinda moja humalizika kwa milisekunde 17, na nozo hufunguka mara 3,500 katika dakika hiyo. Chukua gari lililotembea kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika: kila nozo imeshafunguka mara milioni 150. Hakuna bawaba ya mlango iliyowahi kudaiwa kazi hiyo.

Uchakavu wake huanza kimyakimya. Petroli iliyolala ndani ya gari lililoegeshwa miezi mingi huacha utomvu wa kahawia unaoganda kwenye ncha, na ukungu mzuri hugeuka mchirizi. Kiti cha sindano kikiliwa, nozo hudondosha hata injini ikiwa imezimwa. Hapo gari huwaka kwa taabu likiwa la moto, hutoa moshi mweusi kwa sekunde chache, kisha hutulia kana kwamba halikuwa na neno. Fundi akichomoa kijiti cha oili na kukinusa, anapata harufu ya petroli: matone yameosha kuta za silinda na kuteremka hadi chini. Juu ya nozo, pale mafuta yanapoingilia, kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi hawajawahi kukichomoa. Kikijaa uchafu, nozo hubaki na njaa hasa wakati injini inapodai mafuta mengi.

Nozo zote sita zikichoka sawasawa, gari hupoteza nguvu na mwenyewe huona. Moja ikichoka peke yake ndipo balaa linapojificha. Nozo za RB26 zilitoka kiwandani na uwezo wa cc 444 kwa dakika. Tuseme tano bado zinatoa kiasi hicho, na ya sita imeshuka hadi cc 400. Mtaalamu anayepanga upya kompyuta anaweka sensa kwenye bomba la ekzosi, pale moshi wa silinda zote ulipokwisha kuchanganyika, na anarekebisha mpaka asome sehemu 11.5 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kiwango salama kwa injini ya tabo inayosukumwa. Sensa inamwambia kazi imekwisha. Lakini alichosoma ni wastani. Silinda tano ziko kwenye 11.3, na ile yenye nozo dhaifu iko karibu na 12.6. Moto wake ni mkali zaidi kuliko wa wenzake, mchanganyiko unaanza kulipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni moja kati ya sita inaungua huku namba kwenye skrini ikionekana safi kabisa.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni ya bei nafuu: nozo zichomolewe na kupimwa. Gereji yenye mashine ya kupimia huzipanga zote kwenye reli moja juu ya mirija ya kioo yenye alama, kisha huzifungua pamoja. Mwenye gari asimame pale aangalie mwenyewe. Mirija ikijaa kwa viwango visivyolingana, au nozo moja ikirusha mkondo kama wa bunduki ya maji ya mtoto, hakuna haja ya maelezo. Baada ya hapo nozo hutumbukizwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, zikawekewa vichujio na pete mpya za mpira (oringi), zikapimwa tena. Usafi huo huondoa utomvu. Haurudishi chuma kilicholiwa, wala koili ambayo ganda lake limepasuka kwa joto. Nozo iliyosafishwa na bado inatofautiana na wenzake kwa asilimia 5 au zaidi imeshamaliza ajira yake. Gereji ikiirudisha bila kutoa karatasi ya vipimo vya kabla na baada, mteja amelipia kuoshewa.

Ikiwa ni kununua mpya, swali la kwanza la kila mtu huwa ni ukubwa, na hesabu yake si ngumu. Injini ya petroli yenye tabo hula karibu gramu 270 za mafuta kwa kila farasi mmoja kwa saa ikiwa imebanwa kabisa. Mtu anayetaka farasi 500 anahitaji kilo 135 za petroli kwa saa. Nozo haifai kubaki wazi muda wote. Ikiachiwa asilimia 80 ya duru hupata nafasi ya kufunga na kupumua, kwa hiyo uwezo wa jumla unaotakiwa ni karibu kilo 170. Gawanya kwa sita, geuza kuwa ujazo, inakuja cc 630 hivi kwa dakika. Kwa hesabu hiyohiyo nozo za kiwandani zinaishia karibu na farasi 350. Anayetumia mafuta yenye ethanoli asilimia 85 aongeze kama theluthi moja, maana ethanoli huhitaji ujazo mkubwa zaidi kwa hewa ileile. Wapo wanaopandisha presha ya mafuta wakidhani wamepata njia ya mkato. Mtiririko hukua kwa kipeuo cha pili cha presha tu: presha ikitoka mara tatu ya ile ya hewa tunayovuta hadi mara nne, ongezeko ni asilimia 15, na pampu kuukuu ndiyo inayobebeshwa mzigo.

Ukubwa, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Wanaoharibu injini kwa nozo mpya mara nyingi wamepatia ukubwa na kukosea umeme.

Nozo za awali za RB26 zina ukinzani mdogo, omu 2 au 3 tu. Umeme wa volti 14 ukipita moja kwa moja kwenye omu 2.5 ni zaidi ya ampea 5, kiasi cha kuunguza saketi za kompyuta. Ndiyo maana Nissan iliweka kwenye chumba cha injini kiboksi cha vipinga kinachopunguza umeme kabla haujafika kwenye nozo. Nozo nyingi za kisasa zina omu 12 na hazikihitaji. Zikiunganishwa kupitia kiboksi kile, hufunguka kwa uvivu. Kwa hiyo kiboksi hurukwa. Kosa la upande wa pili ni ghali zaidi: kufunga nozo za ukinzani mdogo kwenye gari lisilo na vipinga. Toyota Supra ya miaka ya 1990 inaonyesha jinsi mtego huu ulivyo karibu. Injini yake ya 2JZ-GTE ilipouzwa Japani ilikuwa na nozo za cc 440 zenye ukinzani mkubwa. Ileile iliyopelekwa Marekani ilikuwa na nozo za cc 550 zenye ukinzani mdogo, na kiboksi chake. Mtu akinunua nozo za gari moja kwa ajili ya jingine kwa kuamini jina la injini, anatafuta moshi.

Kisha kuna muda uliokufa. Kompyuta ikiamuru nozo ifunguke, sindano haiondoki papo hapo. Hupita karibu milisekunde moja sumaku ikijikusanya. Betri ikidhoofika, muda huo huongezeka. Kwenye mwendo wa kasi, nozo ikiwa wazi milisekunde 13, kosa dogo la hapo halionekani. Gari likinguruma limesimama, mambo hubadilika. Silinda moja ya RB26 inapohitaji tone tu, nozo ya cc 444 huachiwa mafuta kwa milisekunde 2 na kidogo. Ya cc 1,000 huhitaji milisekunde moja tu kutoa tone lilelile, na kosa la moja ya kumi ya milisekunde sasa ni asilimia 10 ya mafuta yote. Injini inatetemeka, inamisi, inazimika kwenye taa za barabarani, na mwenyewe anazilaumu plagi.

Hapa ndipo nozo za kizazi kipya zinapostahili bei yake. Familia ya Bosch iitwayo EV14, ambayo ndiyo msingi wa nozo nyingi za mashindano zinazouzwa leo, ina sindano nyepesi inayoitikia haraka na kisahani cha matundu madogo kinachopasua petroli vizuri. Muuzaji makini huziuza zikiwa zimepimwa na kulinganishwa, pamoja na jedwali la muda uliokufa kwa kila volti na kila presha. Jedwali hilo lina thamani kuliko namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Nozo za cc 1,000 zenye data kamili hutuliza gari kuliko za cc 600 zisizo na hata ukurasa mmoja. Na soko limejaa za bandia, zenye rangi na maandishi yaleyale ya zile halisi. Kipimo cha mirija ya kioo huziumbua haraka.

Kompyuta ya kiwandani haitambui kwamba nozo zimebadilishwa. Inapima hewa kupitia sensa mbili za waya wa moto, inakokotoa mafuta, na inaamini bado ina cc 444. Isipopangwa upya, gari litamwaga petroli hadi plagi zilowe. Wengi siku hizi huondoa kompyuta hiyo na kuweka mpya inayopokea jedwali zima la nozo.

Afrika Mashariki Skyline GT-R ni ya kutafutwa kwa tochi, ila tatizo hili halihitaji Skyline. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Subaru Impreza za tabo za miaka ya 1990 zinazonguruma Nairobi zimezeekea kwenye barabara na petroli za hapohapo. Baadhi ya Impreza hizo, kama Nissan za SR20DET na RB25DET, hutumia nozo zinazoingiza mafuta kwa ubavuni badala ya juu. Hizi zina aina chache mpya madukani, na mara nyingi njia pekee ya kuhamia nozo za kisasa ni kubadilisha reli nzima. Maji na vumbi kwenye matenki hufanya kichujio cha mafuta kiwe cha kubadilishwa kabla ya nozo mpya kufungwa, si baadaye.

Kazi ya kufunga yenyewe ni ya asubuhi moja kwa fundi aliyetulia, lakini ni kazi ya petroli juu ya chuma cha moto. Presha hutolewa kwanza. Oringi za zamani, ngumu na zenye nyufa, hutupwa zote, hata inayoonekana nzima. Mpya hupakwa oili kidogo ili isikatike ikisukumwa ndani, na nozo iliyokaa vizuri huweza kuzungushwa kwa vidole. Plagi za waya za umri ule huvunjika zikiguswa, basi mpya ziwe mezani kabla boneti haijafunguliwa. Nozo nyingi za EV14 ni fupi kuliko za zamani. Zikikosa vipande sahihi vya kuzirefusha, reli haitazibana, na presha itazisukuma nje. Funguo huwashwa bila kupiga stata, pampu ijaze reli, kisha fundi apitishe tochi na karatasi kavu chini ya kila nozo. Karatasi ikitoka na doa, reli inafunguliwa tena, hata kama mwenye gari ameshakaa kwenye usukani.