Anayeusemea Mkonge Apime Neno

Mkulima wa Kwedizinga, mkoani Tanga, akisikia mchambuzi akisema redioni kwamba mkonge unalipa, hapandi leo akavuna kesho. Atafyeka, atatafuta miche, kisha atangoja kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Aliyesema keshasahau, aliyesikia bado anapalilia. Kwenye mahindi, mchambuzi akikosea atasahihishwa papo hapo, maana kila mtu anayajua. Mkonge una wajuzi wachache, hivyo kosa la mchambuzi laweza kupita bila kupingwa.

Tuanze na bei. Tani ya singa, yaani nyuzi za mkonge, haina bei moja, kwani singa hupangwa kwa madaraja, kuanzia daraja la kwanza hadi yale ya chini kama UG, kufuatana na urefu, rangi na usafi. Tena shambani mkulima ana majani: katika kilo 100 za majani, korona, yaani mtambo wa kusindika majani, hutoa takriban kilo 4 tu za singa kavu. Mchambuzi anayetaja bei ya tani bila daraja, wala gharama za kukata, kusomba na kusindika, ametaja fedha ambayo mkulima hataiona mkononi.

Kuna pia wimbo wa 1964, mwaka ambao Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000. Ni kweli. Lakini kamba za plastiki zikaja zikashusha bei, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 uzalishaji ukazidi kuporomoka. Anayetaja kilele aeleze na anguko, ili msikilizaji ajue soko hili hugeuka.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayeuza miche, anayekodisha trekta au mwenye hisa kwenye korona ana haki ya kuzungumza, ila atangulize maslahi yake ndipo ashauri. Akikosea, asahihishe katika kipindi kile kile alichokosea. Akiulizwa ugonjwa asioujua, akiri, amwelekeze muulizaji kwa watafiti wa kituo cha Mlingano, ambacho kimeshughulika na mkonge tangu enzi za ukoloni.

Nawe msikilizaji, kabla hujashika panga kufyeka, muulize mchambuzi mambo matatu: bei hiyo ni ya daraja gani, korona iko umbali gani na shamba langu, na wewe mwenyewe unauza nini?