Mkono Ghali Kuliko Mikono Yote

Jioni Bombambili, Songea, watoto wakicheza rede, mrushaji husifiwa na kuzomewa ndani ya dakika moja. Akimpata wa katikati, fundi. Akimkosa, toka, mwachie mwenzako. Mpira wenyewe ni soksi iliyoshindiliwa mifuko na kufungwa kamba. Huko Marekani wapo watu wazima wanaolipwa mabilioni kwa kazi hiyohiyo ya kurusha. Ni warushaji wa besiboli, na safari yao, tangu siku ya kusaini hadi kustaafu, imejaa rekodi za kushika kichwa.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anamtupia mpigaji mwenye gongo mpira mgumu wa gramu 142 hadi 149, uzito wa mayai mawili na nusu ya kuku. Umbali ni mita 18.44. Nenda uwanja wa Majimaji, simama kwenye mstari wa eneo la hatari, rudi nyuma hatua mbili kubwa, kisha mtazame golikipa. Hapo hapo. Mpigaji akikosa mara tatu, katoka.

1. Mlango mwembamba kuliko yote

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu inaruhusiwa wachezaji 26 kwa sehemu kubwa ya msimu. Jumla 780. Wapakie kwenye mabasi ya abiria 65 ya pale stendi ya Songea, wanaenea mabasi 12. Warushaji hawazidi 13 kwa timu, yaani watu 390: mabasi sita kwa dunia nzima!

Na ni wachache sana wanaopanda moja kwa moja. Kijana akishasaini, kwa kawaida anaanzia ligi ya wanaoanza, kisha anapandishwa madaraja manne, moja baada ya jingine, ndipo aione ligi kuu. Ni kama kutoka ligi ya mkoa hadi Ligi Kuu, ila huku haipandi timu, anapanda mtu mmoja mmoja, na wengi wanaachwa njiani.

Kwenye ngazi hiyo wameshaingia majirani zetu. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Mwaka 2023 David Matoma, Mganda pia, akasaini na Pittsburgh Pirates. Haikuanza juzi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, na wakawafunga wenyeji kutoka Oregon 3–2.

2. Mdogo kuliko wote

Joe Nuxhall, Cincinnati Reds, tarehe 10 Juni 1944. Umri: miaka 15 na siku 316. Hapa kwetu huyo yuko kidato cha pili, anasubiri mtihani wa Novemba. Wachezaji wengi walikuwa vitani, timu ikamwita. Akawatoa wapigaji wawili, akaruhusu pointi tano, akatolewa. Alirudi ligi kuu mwaka 1952, miaka minane baadaye. Kipigo cha siku moja, adhabu ya miaka minane.

3. Wenye kasi kuliko wote

Tarehe 24 Septemba 2010, Mkyuba Aroldis Chapman alirusha mpira kwa kilomita 170.3 kwa saa. Basi la Dar es Salaam linaruhusiwa kilomita 80. Mpira wa Chapman ulilizidi mara mbili na bado ukabaki na kilomita kumi. Kutoka mkononi hadi kwa mpigaji, haifiki hata nusu sekunde. Ukipepesa macho, umekosa.

Na Matoma wa Uganda? Mkono wake umeshagusa maili 100, yaani kilomita 161 kwa saa. Jumlisha mabasi mawili yaliyoshika sheria, Matoma anayazidi kwa kilomita moja. Afrika Mashariki ipo kwenye mbio.

4. Siku ndefu kuliko zote

Mechi ya kawaida ina raundi tisa, na mrushaji wa leo akifika ya sita anapigiwa makofi akapumzike. Tarehe 1 Mei 1920, Leon Cadore wa Brooklyn na Joe Oeschger wa Boston walirusha raundi 26, kila mmoja peke yake, bila kubadilishwa. Kwa hesabu ya soka, ni mechi ya dakika 260 na hakuna aliyetolewa. Giza likaingia, matokeo 1–1. Sare!

5. Kiwiko maarufu kuliko vyote

Kurusha kwa nguvu hivyo kunakata kano za kiwiko, na zamani ikikatika, kazi imekwisha. Tarehe 25 Septemba 1974, daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John, akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, mkono wa kazi. Alimwambia kurudi uwanjani ni bahati ya moja kwa mia. John akarudi mwaka 1976, akacheza hadi 1989. Ushindi wake wote ni 288, na 164 kati yake aliupata baada ya kisu. Kiwiko cha kiraka kilikishinda alichozaliwa nacho! Upasuaji huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari, jambo ambalo mimi naona ni rekodi yake nyingine.

6. Ushindi mwingi kuliko wote

Cy Young, 511. Chukua timu ya Ligi Kuu Tanzania Bara, mechi 30 kwa msimu. Ishinde zote, bila sare, bila kupoteza, misimu 17 mfululizo. Inafika 510. Bado moja. Hii haivunjwi.

7. Waliotolewa wengi kuliko wote

Nolan Ryan alicheza misimu 27 na kuwatoa wapigaji 5,714 kwa makosa matatu. Kila mmoja anahitaji mipira isiyopungua mitatu, hiyo ni mipira 17,142. Panga njia za mipira hiyo moja mbele ya nyingine kuanzia Songea: unapita Madaba, unapita Njombe, unafika Makambako kilomita 295, na bado una kilomita 21 za kuelekea Mafinga. Kwa mkono mmoja!

8. Mkataba mnono kuliko yote

Kwa mtu anayerusha tu, Desemba 2023 Mjapani Yoshinobu Yamamoto aliweka rekodi: dola milioni 325 kwa miaka 12, kutoka kwa hao hao Dodgers. Alikuwa hajarusha hata mpira mmoja ligi kuu ya Marekani. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni bilioni 812. Wagawie wakazi wote wa Manispaa ya Songea, vichanga na wazee, kila mmoja anaondoka na zaidi ya milioni mbili na nusu.

9. Mzee kuliko wote

Mtumishi wa serikali hapa anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Satchel Paige alirusha mechi ya ligi kuu akiwa na 59, tarehe 25 Septemba 1965, Kansas City. Timu ilimwekea kiti cha kubembea cha kungojea zamu yake. Akainuka, akarusha raundi tatu, hakuna aliyepata pointi. Weusi walizuiwa kucheza ligi hiyo hadi 1947, naye aliingia mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao wengine huwa wameshastaafu.

10. Rekodi isiyo na mwenyewe

Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tarehe 26 Aprili 2017, lakini yeye hakuwa mrushaji. Mrushaji Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alifuata mwaka 2019. Mtanzania wa kwanza? Hajapatikana. Uwanja wa besiboli upo, shule ya sekondari Azania, Dar es Salaam, umejengwa kwa msaada wa Japani. Kutoka Bombambili ni safari ya basi ya siku moja. Mwenye kutungua embe la juu kabisa kwa jiwe la kwanza, ajitokeze.