Modi ya Utangamano Haitaokoa Programu za Kampuni Yako

Wahasibu wananiuliza, mameneja wa stoo wananiuliza, na siku hizi hata watu wa IT: "Tukihamia Windows 11 na programu yetu ikagoma, si tutaiweka tu kwenye modi ya utangamano?" Jibu ni hapana. Kampuni inayopanga kuhamisha kompyuta zake zote huku tumaini lake likiwa hapo haijajiandaa hata kidogo.

Wengi mmeonyeshwa na fundi namna inavyofanyika. Unabofya kulia kwenye alama ya programu, unafungua sifa zake, unatia tiki kwenye Windows 7 au Windows XP, kisha unajaribu upya. Labda kuna programu moja ya zamani iliyofunguka kweli kwa njia hiyo, na tangu siku ile tiki imekuwa dawa ya kila ugonjwa ofisini.

Tuangalie dawa yenyewe inafanya nini. Windows inajiweka katikati ya programu na mfumo. Programu ikiuliza inaendeshwa kwenye toleo gani, inadanganywa: inaambiwa ni Windows 7, ambayo kwa namba ni 6.1. Programu nyingi za zamani ziliandikwa zikatae kuendelea zikikutana na namba zisiyoifahamu, kwa hiyo uongo huo unazivusha. Kuna na marekebisho mengine madogo, kama kupunguza rangi za skrini au kubadilisha namna maandishi yanavyokuzwa. Zaidi ya hapo hakuna miujiza.

Sasa zingatia jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji: Windows 11 yenyewe, kwa ndani, bado inajitambulisha kama 10.0. Kilichobadilika ni namba ya ndani inayofuata, ambayo kwa Windows 11 inaanzia 22000. Programu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye Windows 10, ikiuliza toleo kubwa, inapata jibu lile lile ililolizoea. Kwa mtu anayehama kutoka 10 kwenda 11, ugonjwa mkuu ambao modi hii inautibu karibu haupo. Ndiyo maana programu nyingi za kawaida huhama bila shida yoyote, na ndiyo maana zile chache zinazogoma haziponi kwa tiki.

Zinagoma kwa sababu zipi basi? Kwanza, draiva. Modi ya utangamano inafanya kazi ndani ya programu tu, kwa ruhusa zile zile za programu. Draiva ya kifaa inakaa kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo modi hiyo haifiki. Chukua ghala lenye mzani uliounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB wa kubadilisha mawasiliano ya siriali. Waya nyingi za aina hiyo zina chipu ya PL2303 ya kampuni ya Prolific, na draiva mpya ikikuta chipu ya zamani ya PL2303HXA inaandika waziwazi kwenye orodha ya vifaa kwamba chipu hiyo iliondolewa sokoni tangu 2012, uwasiliane na aliyekuuzia. Nimeona watu wakiihangaikia programu ya mzani asubuhi mpaka jioni, wakiipitisha XP, Vista, kisha 7, na programu haina kosa lolote. Tatizo ni waya. Nunua mwingine wenye chipu inayoungwa mkono na Windows 11, kazi iendelee.

Hali ni hiyo hiyo kwa vijiti vya USB vya leseni vinavyokuja na baadhi ya programu za uhasibu na uhandisi. Kompyuta mpya za Windows 11 kwa kawaida huja na ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu ukiwa umewashwa, na ulinzi huo unazuia draiva za zamani zisizokidhi masharti. Kijiti kisiposomeka, programu inadai haina leseni. Kinachohitajika ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Tafadhali usizime ulinzi huo kwenye kompyuta za kampuni nzima kwa ajili ya kijiti kimoja.

Pili, mtandao. Toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, linadai katika Windows 11 Pro kwamba mawasiliano ya kushirikiana mafaili yatiwe saini ya kidijitali, na linakataa kuingia kwenye seva kama mgeni bila nenosiri. Kama mafaili ya uhasibu yako kwenye kisanduku cha diski za mtandao kilichofungwa zamani bila nenosiri, siku ya kuhama ofisi nzima itaona kosa, na lawama zitatupiwa programu.

Tatu, kuna vipande vya biti 16 vilivyosalia kwenye ofisi zenye Windows ya biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Hapo mjadala umekwisha.

Baadhi ya mafundi, tiki ya kwanza ikishindwa, huongeza ya pili: kila mtu aendeshe programu kama msimamizi. Hili linanikera kuliko yote. Programu hasidi ya kudai fidia ikiingia kupitia akaunti ya karani mwenye mamlaka ya msimamizi, inayapata mamlaka hayo yote.

Cha kufanya ni hiki. Zungukeni meza kwa meza mkiorodhesha kinachotumika kweli, pamoja na mafaili ya Excel yenye makro na ile hifadhidata ya Access iliyoachwa na mtu aliyestaafu. Kwa kila kimoja andikeni mtengenezaji, kifaa kinachokitegemea na seva yake. Wekeni Windows 11 kwenye kompyuta moja, toleo lile lile mtakalosambaza, na akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Kisha mhasibu mwenyewe, si fundi, akae hapo kwa nakala ya data: afunge mwezi, aandae mishahara, achapishe, athibitishe kwamba mashine ya risiti za kodi (EFD) au mfumo wa ankara za kodi wa eTIMS unawasiliana. Mfumo unaodai Internet Explorer utafunguliwa ndani ya Edge kwa modi ya IE, ambayo Microsoft imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2029. Programu isiyohamika kabisa iwekwe kwenye mashine pepe iliyotengwa na intaneti, huku mkitafuta mbadala wake. Hamisheni watu wachache kila idara kabla ya wote, na chukueni nakala rudufu kamili, kwa sababu nafasi ya kurudi Windows 10 ni siku 10 tu na mwezi una 30. Msimamizi anaweza kuirefusha hadi siku 60 kwa amri ya DISM, mradi afanye hivyo kabla ya zile 10 kuisha.

Wanaotaka kungoja wajue gharama. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa makampuni, masasisho ya usalama ya nyongeza yalipangiwa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, bei inayoongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Anayejiunga mwaka wa pili analipia na wa kwanza, yaani dola 183 kwa kila kompyuta.

Nawaomba mameneja msitie saini mpango wowote wa kuhama kabla mhasibu wenu hajawaambia kwa kinywa chake kwamba amefunga mwezi mzima kwenye ile kompyuta moja.